Santina Aliyewavika Watu wa Koboko

Miaka ile watu waliporudi Koboko kutoka Zaire na Sudan na kuanza maisha upya, wauza mitumba sokoni walikaribia kuwa wengi kuliko wanunuzi. Mivumba, ndivyo watu walivyoziita nguo zile, kwa neno lililopanda na malori kutoka Kampala. Wauzaji walizimwaga chini juu ya turubai, mlima kwa mlima, na mteja akainama, akachakura kama kuku, akatoka na shati moja lenye kifungo kimoja. Aliyekataa kumwaga nguo chini alikuwa mmoja tu, Santina mke wa Yugu.

Santina alitundika. Alikuwa na waya mbili zilizokazwa kati ya nguzo, na juu ya waya hizo hakuweka shati peke yake wala suruali peke yake. Alitundika mtu mzima: shati ndani ya sweta, suruali imeshikizwa chini yake kwa pini, mkanda kiunoni, na viatu vimepangwa ardhini chini ya pindo. Ukitazama kwa mbali ungedhani kuna watu wanane wamesimama foleni bila vichwa. Watoto waliwaamkia. Mariam Poni, jirani yake aliyeuza kanga na shuka, mwanamke mwenye ulimi usiojua likizo, aliwapa jina la wakwe wa Santina, kwa kuwa walisimama kimya siku nzima wakisubiri kukaribishwa.

Ukimwuliza kazi yake aliifanyaje, hakukuficha. Alianza na viatu, maana barabara za Koboko ni vumbi jekundu nusu ya mwaka na tope jekundu nusu iliyobaki, na mtu huonekana kuanzia chini. Kisha suruali. Kisha, alisema, nguo moja iseme na nyingine zisikilize. Ukipenda shati la maua makubwa, basi suruali iwe ya rangi ya mchanga, mkanda usimeremete, na kofia ibaki nyumbani. Mwalimu mmoja wa Lobule alikuja kutafuta shati la kuendea kazini. Aliondoka na shati la bluu la mistari myembamba, suruali ya kijivu iliyopunguzwa kiunoni, sweta lisilo na mikono, na mkanda wa kike uliogeuzwa upande wa ndani ukawa nje. Siku ya kwanza wanafunzi walisimama wakidhani ni mkaguzi. Mwalimu yule alikuwa na suruali moja na mashati mawili tu, lakini alivyofundishwa kuyabadilishabadilisha, Jumatatu na Ijumaa hazikufanana, na watu wakaanza kuulizana mshahara wake ni kiasi gani.

Futi ya fundi hakuwa nayo. Alikutazama tu unavyokuja, akakutazama tena unavyopita, na akili yake ilikuwa imekwisha andika kifua, kiuno, na bega lipi limezoea kubeba mzigo. Wanaume wengine hawakupenda kutazamwa namna ile na mke wa mtu, lakini walipovaa walinyamaza. Na rangi moja hakuitundika hata siku moja, nayo ni kijani cha jeshi. Koboko ni mji wa familia za wanajeshi, na baada ya mwaka 1979 rangi ile ilikuwa imewaponza wengi. Koti zuri la kijani likitoka kwenye robota la mitumba, alilichovya katika rangi nyeusi au alilikata likawa mikoba ya shule.

Jicho lile alilipata mwaka huohuo wa 1979, na si kwa kupenda mapambo. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka Kampala, askari wake walirudi kaskazini makundi kwa makundi, na mumewe Yugu, sajenti aliyekuwa fundi wa mitambo, alifika nyumbani alfajiri moja akiwa na sare mwilini. Alikuwa mwanamume wa kujaza mlango: kifua inchi arobaini na mbili, shingo kama gogo la mwembe, kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Sare ikazikwa nyuma ya ghala. Sasa avae nini? Wenzake walikuwa wakinyakua nguo zozote walizozikuta kwenye kamba, suruali zikaishia chini kidogo ya magoti, mashati yakapasuka mgongoni, na pale njiani watu wenye bunduki waliwatambua kwa hayo hayo tu. Mtu aliyevaa nguo isiyo yake ni mtu anayeficha kitu.

Santina hakuwa na haraka. Alichukua suruali ya marehemu baba mkwe, akaachia pindo. Akaazima shati la katekista mmoja mnene, akalisugua kola kwa majivu lionekane limefuliwa miaka. Akampa malapa yaliyochakaa kwa kufuata unyayo mpana kama wa Yugu. Alipomaliza, alikuwa amemtengeneza mkulima wa Lobule ambaye hajawahi kuona kambi. Walipofika kwenye kizuizi cha barabarani, wanaume walikuwa wanne. Watatu walirudishwa nyuma. Yugu aliambiwa, "Wewe muzee, pita na mke yako," naye akapita, na hao wakavuka mpaka kuingia Zaire. Santina hakuwa mtu wa kujisifu, lakini hilo alilijua: jicho lake ndilo lililomvusha mumewe.

Huko Zaire, katika mji wa Ariwara, walikaa miaka saba. Ndiko alikojifunza biashara ya mitumba, na ndiko Yugu alikougua kifua. Alikohoa mwaka mzima, akapona, ila ugonjwa ulipoondoka uliondoka na nusu yake. Waliporudi Koboko mwaka 1986, Yugu alijenga nyumba, akapanda muhogo na simsim, yaani ufuta, kisha akakaa ndani ya ua. Sokoni hakwenda. Kanisani hakwenda. Wageni wakija alitoka kuwasalimu amevaa kaptula iliyofungwa kwa kamba na sweta pana la msaada la kambi ya wakimbizi, akarudi nyuma ya nyumba kwenye baiskeli mbovu za watu, ambazo alizitengeneza bila kutaka kuonana na wenyewe. Kicheko kile hakikusikika tena hata chumbani.

Ikawa Santina anavika mji mzima, na mumewe ndiye mwanamume aliyevaa vibaya kuliko wote Koboko. Mariam Poni hangeacha tonge kama hilo lipite.

"Mama Ladu, kinyozi hapana nyoa kichwa yake?" alimwuliza Santina siku moja, mbele ya wateja.

"Mimi naleta nguo kila mwezi," Santina alijibu. "Yeye hapana vaa."

Ilikuwa kweli. Kila robota lilipofunguliwa, nguo ya kwanza kuchaguliwa ilikuwa ya Yugu. Alimpelekea mashati ya pamba nzito, makoti ya sufu, suruali za kodrai. Yugu alipokea kwa mikono miwili, akaingia nazo ndani kuzijaribu, akakaa muda, akatoka amevaa sweta lake lilelile. "Iko sawa, Mama Ladu. Ahsante," alisema, na nguo ikaenda sandukuni. Watu wa soko walikuwa na jibu lao: sajenti wa zamani hawezi kuvaa nguo alizoacha Mzungu. Mwanzoni Santina aliyakataa maneno hayo. Baadaye, kwa kuwa hakuwa na maneno mengine, aliyaamini.

Oktoba mwaka 1990 ikaja barua. Ilitoka kwa Angelo, aliyekuwa fundi pamoja na Yugu jeshini, na sasa alikuwa msimamizi katika kiwanda kidogo cha mbao karibu na Onduparaka, Arua. Yugu aliisoma kwa sauti wakiwa jikoni, polepole, kama mtu anayesoma habari za mwingine.

"Ndugu Yugu, kazi iko. Mashine ya hapa nakufa kila siku na hapana mutu anajua dawa yake. Mimi nasema na mwenye kiwanda, yeye atangoja wewe mpaka mwisho wa mwezi, basi. Kuja. Lakini kuja kama mutu ya kazi, usikuje kama mukimbizi. Huyu natazama nguo kwanza, mikono baadaye."

Santina alihisi mwili umepata joto. Haikuwa habari ya mshahara tu. Mtoto wao Ladu alikuwa shuleni bwenini hukohuko Arua, na alikuwa ameanza kuwaambia wenzake kwamba baba yake ni mgonjwa, apate kueleza kwa nini haji kumtembelea. Kazi ile ingemtoa Yugu uani. Asipokwenda safari hii, Santina aliona, hatatoka tena, na yeye atazeeka na mwanamume anayejificha nyuma ya baiskeli za watu.

Kwa hiyo akamtengenezea vazi ambalo hajapata kumtengenezea mtu. Alitafuta siku nne. Koti la buluu iliyoiva, zito, lenye mabega. Shati jeupe la kola pana. Suruali nyeusi yenye mikunjo miwili mbele. Viatu vya kahawia alivibadilisha soli na kuvipaka dawa mpaka ukaona meno yako ndani yake. Akapiga kila kitu pasi ya mkaa, akavitundika ukutani chumbani, akasimama mlangoni kuvitazama. Ilikuwa kama vile yule sajenti amerudi likizo.

Yugu alitazama koti muda mrefu. "Hii nzuri sana," alisema kwa upole. Akafunga mlango. Alipotoka alikuwa na sweta.

Lori la Arua liliondoka Jumatatu, hakupanda. Likaondoka Alhamisi, hakupanda. Jumatatu iliyofuata alisema mvua itanyesha, na kweli ilinyesha, lakini saa nane mchana, lori limekwisha ondoka. Zilikuwa zimebaki siku sita kumaliza mwezi. Jioni ile Santina, aliyekuwa amevumilia miaka minne, alivunjika.

"Wewe nadharau jasho yangu," alimwambia. "Nguo ya mivumba iko chini yako. Basi kwenda, fukua ile ya jeshi, vaa hiyo!"

Alijuta kabla hajafunga mdomo. Yugu aliweka chini sahani, akanawa mikono taratibu, akasema amechoka, akaingia kulala. Hakuwa mtu wa kugombana, na ndilo lililoumiza: mtu akikujibu unajua mahali ugomvi ulipo. Santina alilala upande wa ukutani amekasirika, tena akiwa na aibu, na viwili hivyo havikumpa usingizi.

Jumatano ilikuwa siku ya soko. Manyunyu yalianza asubuhi, yale manyunyu membamba yasiyomfukuza mtu wala kumruhusu akae vizuri, na wanaume wengi walikuwa wamekunja gunia pembe kwa pembe na kulivaa kichwani kama kofia, likishuka mpaka mgongoni. Santina alifunika waya kwa nailoni. Wateja hawakuwa wengi. Macho yake, kwa kuwa hayakuwa na kazi, yalianza kutembea yenyewe.

Ng'ambo ya njia, mbele ya mlima wa suruali za kuchakura, mwanamume mmoja mwenye gunia kichwani alikuwa ameinama, amempa mgongo. Aliinua suruali, akaipima kiunoni kwa mikono, akairudisha. Akainua nyingine. Alikuwa na subira, na alikuwa na haya. Kila mtu alipompita, aliacha kuchagua akajifanya anafunga kiatu.

"Huyu mutu nasumbuka," Mariam Poni alisema.

Santina alikuwa amekwisha mpima. Kifua thelathini na sita. Kiuno ishirini na tisa, pengine na nusu. Bega la kushoto limeshuka kidogo, amewahi kuugua upande ule au amezoea kuinamia kazi. Shingo nyembamba, ndefu. Asivae koti lenye mabega hata kwa dawa, litasimama lenyewe kama kibanda naye yumo ndani. Avae kitu laini kinachofuata mwili. Ni mwembamba, lakini wembamba wake si mbaya. Una utulivu, kama wa mtu anayesikiliza injini. Mikono ilikuwa inakwenda huku akiwaza. Suruali ya kijivu ya sufu nyembamba. Shati la miraba midogo ya bluu na kahawia, kola finyu. Juu yake sweta la vifungo la rangi ya kahawa, ambalo mshono wake wa bega ulishuka kidogo hata kabla ya kuvaliwa, na hivyo bega lile lisingejulikana. Mkanda mwembamba. Viatu vya ngozi vya kufunga, vyeusi, vya mtu wa kazi. Kwa mara ya kwanza tangu ile barua ije alijisikia vizuri, kwa kuwa hapa angalau kulikuwa na mtu anayetaka kuvaa.

"Muzee!" aliita, nguo zikiwa mkononi. "Wewe mwenye gunia! Wacha ile, itakuumiza mgongo. Kuja hapa, yako iko tayari."

Mwanamume akageuka. Alikuwa Yugu.

Manyunyu yaliendelea. Santina alisimama na zile nguo kifuani, na kitu kilichompata hakikuwa aibu ya kumwita mumewe muzee mbele ya watu. Ni kwamba alikuwa bado ameshika zile namba kichwani, thelathini na sita, ishirini na tisa, na alikuwa akizilinganisha na lile koti la buluu lililotundikwa nyumbani. Arobaini na mbili. Makoti yote, mashati yote, miaka minne, arobaini na mbili.

Mtu atauliza, mke hamjui mumewe? Alimjua. Usiku alimkanda mgongo kwa mafuta ya simsim, akahesabu mbavu kwa vidole. Lakini kila alipoziona aliuambia moyo wake: mwili utarudi. Aliununulia nguo mwili ule wa zamani, uzivae utakaporudi. Macho yaliyompima kila mpita njia wa Koboko hayakuwa yamemtazama Yugu tangu alfajiri ile ya 1979, na mwenye macho haambiwi tazama, kwa hiyo hakuna aliyemwambia.

Yugu alivuka njia. Alivua gunia, na maji yakamtiririka usoni.

"Nataka kwenda Arua kesho," alisema. "Natafuta nguo kidogo. Ndogo."

"Kwa nini hapana sema kwangu?"

Alitazama chini. "Wewe naleta nguo ya yule mutu. Kila mwezi naleta. Mimi naingia ndani, navaa, mikono yangu napotea. Nafikiri, Mama Ladu iko nangoja yule arudi. Sasa mimi nitasema nini? Nitasema yeye alikufa Ariwara?"

Mariam Poni, ambaye hajapata kukosa neno tangu azaliwe, alijishughulisha na kukunja shuka iliyokwisha kunjwa.

"Ni kweli," Santina alisema. "Nilikuwa nangoja yeye. Nilimpenda sana, Baba Ladu. Na sasa hivi nimepima mutu pale kwa mgongo tu, na nikampenda pia, mimi sikujua ni wewe." Akamnyooshea zile nguo. "Juzi nimesema maneno mabaya. Nisamehe. Vaa."

Akamshikia turubai, naye akavaa nyuma yake kama mteja yeyote. Alipotoka hapakuwa na haja ya kioo. Suruali ilianguka juu ya kiatu mahali panapotakiwa. Bega halikuonekana. Hakuwa sajenti, wala mkimbizi, wala mkulima wa kujifanya. Alikuwa fundi wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, nadhifu, mwenye mikono ya kuaminika.

"Nani huyu kijana?" Mariam Poni aliuliza, akipangusa jicho kwa ncha ya kitambaa. "Hajaoa?"

Yugu akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha mtaa wa pili. Kilikuwa kidogo, cha puani, na Santina alikisikia vizuri kwa sababu alikuwa karibu.

Kazi Yugu aliipata, akaishika hadi miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, na mashine ile ilizeeka mikononi mwake. Kila mwezi alimtembelea Ladu shuleni, na kila alipokwenda alibadilisha: leo sweta, kesho shati peke yake na mikono imekunjwa, kama alivyofundishwa. Lakini Santina akisimulia habari hizi hana maneno mengi juu ya kazi. Husimulia juu ya Alhamisi ile, lori linanguruma, watu wanarushiana mizigo na kuku, na Yugu amesimama mbele yake kabla ya kupanda. Kwa mazoea ya miaka, mkono wa Santina uliinuka kwenda kwenye kola ya mteja, kuiweka sawa. Ulifika, ukakuta hakuna cha kurekebisha. Basi akauacha pale pale, begani, lile bega la kushoto, mpaka dereva akapiga honi mara ya pili.